Kunde za Bi Hatua na Ukuta wa Matambo

Katika nchi ya Matambo kila kitu kilipimwa kwa kimo chake, na kisicho na kimo kilihesabiwa kuwa hakipo. Milango ya nyumba ilikuwa mirefu mara tatu ya watu walioipita. Vilemba vilifungwa juu ya matenga ya ukindu ili viyakaribie mawingu. Na kadhi alipotaka kuhukumu alipanda ngazi ya vidato kumi na viwili, akatoa hukumu kwa sauti kuu, huku mdai na mdaiwa wakiona nyayo zake tu. Watu walipokutana asubuhi waliulizana, "Umepanda?" na jibu la adabu lilikuwa, "Nimepanda, na kesho nitazidi." Mgonjwa alijibu hivyo, na mfiwa alijibu hivyo, maana kukiri kuwa umesimama pale pale ulipokuwa jana ilikuwa aibu iliyorithiwa na watoto.

Mji mkuu uliitwa Kilele. Aliutawala Sultani Adhama, mtu asiye na inda wala ukatili, ila aliyezaliwa juu mno, hata habari za nchi zilipomfikia zilikuwa zimekwisha poa kwa kupanda ngazi. Mkono wake wa kuume alikuwa Waziri Mwinuko, msimamizi wa Kinga Kuu, yaani ukuta uliouzunguka mji. Mwinuko alikuwa bingwa wa mawe, mwenye bidii na nia safi, ambaye maisha yake yote alikuwa na jibu moja na alilitoa kwa kila swali.

Ukuta ule haukujengwa kwa ajili ya maadui, kwa kuwa Matambo haikuwa na jirani aliyejali kuishambulia. Ulijengwa kwa ajili ya Wepesi. Mashariki ya Kilele ulisimama mlima Fukuto, na kila mwaka, katika siku saba za mwisho wa kiangazi, jua likiwa la utosi, mlima ule ulitema viumbe wadogo kuliko punje ya haradali, wenye kasi iliyoikaribia kasi ya nuru yenyewe. Jicho halikupata kuwaona. Walijulikana kwa nyayo zao tu: tundu lililoungua katika nguo, ghala lililoshika moto bila mshika kijinga, mtu aliyekuwa akizungumza akanyamaza katikati ya neno asiseme tena. Dawa yao ilikuwa jiwe la mkatao, lililochimbwa kusini mwa nchi, ambalo tabia yake ni kuwasukuma Wepesi nyuma. Na kila jiwe moja lilipowekwa juu ya jingine nguvu ya ukuta mzima iliongezeka.

Mababu walijenga ukuta wa dhiraa kumi, ukasaidia. Watoto wao waliufikisha dhiraa ishirini, ukasaidia zaidi. Wajukuu, kwa hoja ambayo mtu yeyote mwenye akili angeikubali, walikwenda hadi sitini, kisha mia; na katika zama za Mwinuko ukuta ulikuwa na dhiraa mia na arobaini, nao Wepesi wakiunguza mji kuliko wakati wowote uliopata kuandikwa. Waziri alieleza kila mwaka kuwa msiba ule ulikuwa ushahidi wa ukuta kutotosha, akaamuru dhiraa saba nyingine. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kupandisha mawe, na kila mwaka wako walioshuka wamebebwa.

Na kama mtu angetaka kujua Wepesi ni nini hasa na wanakwendaje, mlango wa swali lile ulikuwa umefungwa kwa sheria iliyozitangulia sheria zote, iliyochongwa juu ya lango la Baraza: Kisichoshikwa hakijulikani. Kwa ajili ya sheria ile kulikuwa na kikosi cha Wakamataji, mashujaa waliokimbia uwandani na nyavu za shaba kuwashika Wepesi. Kwa miaka sitini na moja hawakushika kitu isipokuwa majeraha, nao waliheshimiwa sana.

Katika mtaa wa Chekecheke, ulio chini kuliko mitaa yote ya Kilele, aliishi mjane aitwaye Hatua binti Makini. Alikuwa mkuu wa wachambuzi, wanawake mia mbili waliochambua kunde za ghala la mji, nyeupe mbali na nyeusi, nzima mbali na zilizotobolewa na fukusi. Kazi ile ilidharauliwa kwa sababu ilifanywa kwa kukaa, na neno mchambuzi lilikuwa tusi la kumtupia mtoto mvivu. Hatua hakulionea haya. Vidole vyake viliweza kuitambua kunde mbovu kabla jicho halijafika, naye alijua kuwa katika mji mzima hakuna mwingine awezaye. Kwa hiyo alitembea kichwa juu kuliko wengi waliokuwa na matenga chini ya vilemba vyao.

Mumewe, Tulivu, alianguka kutoka kwenye ukuta akiwa amebeba jiwe begani. Waziri Mwinuko alihudhuria maziko, akamshika mjane mkono na kumwambia, kwa huzuni ya kweli, kwamba jiwe halikuvunjika. Hatua aliitikia kama ilivyompasa, lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakumchukia Waziri. Alichukia kwamba katika watu wote waliokuwapo pale makaburini hakuna aliyejua kama jiwe lile lilikuwa na faida yoyote, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza.

Alipomaliza eda, siku za Wepesi zilikuwa zimefika. Alikuwa ameanika shuka jeupe la Tulivu uani, na alipolianua alilikuta limetobolewa. Mtu mwingine angelitupa. Hatua alilitandaza mapajani na kulipitisha vidoleni kama alivyopitisha kunde, na vidole vikamwambia jambo. Matundu hayakutawanyika ovyo. Yalisongamana katika pande mbili za shuka, yakawa haba katikati, na baina yake mlikuwa na mistari misafi ambayo hakuna Mwepesi hata mmoja aliyeigusa, ingawa kuume na kushoto kwake kulikuwa kumeungua. Mwaka uliofuata alitandika chini bafta, kitambaa cheupe cha pamba, likalala sambamba na njia yao, akaona ajabu ya pili: alama ya Mwepesi mmoja haikunyooka kama uzi wa seremala, bali ilitetemeka, kama ya mtu aendaye mbio na kila mara akigeuka nyuma na kugeuka tena.

Hapo ndipo alipopata fikira ambayo katika Matambo ilikuwa kufuru. Alifikiri kwamba ikiwa Mwepesi hawezi kushikwa, huenda sheria inayomwongoza ikaweza kushikwa. Na sheria, tofauti na kiumbe, haijali imevaa mwili gani. Kinachotii amri ile ile kitakwenda mwendo ule ule, kiwe moto wa mlima Fukuto au kunde ya Chekecheke.

Alichora vigae vya chaki juu ya mkeka, akarundika kunde katika kigae cha kati, na kwa kila pigo la kidole akapeleka nusu kulia na nusu kushoto. Baada ya mapigo thelathini kunde zilifanya kilima kimoja kilichonenepa katikati, kama kichuguu. Shuka lilikuwa limekataa kichuguu; lilikuwa na pembe mbili na mistari misafi. Akafuta, akaanza tena, akafuta. Kiangazi kizima kilipita hivyo, na cha pili nusu yake. Jirani zake walisema ujane umemwingia kichwani, naye aliwaacha waseme.

Kilichomfumbua macho ni ile mistari misafi. Alijiuliza inawezekanaje njia nyingi zielekee mahali pamoja na asifike yeyote, na akaona kuwa jibu ni moja tu: wanaofika pale wanabatilishana. Basi akatumia kunde za rangi mbili na akaweka kanuni. Katika kila kigae pawe na bakuli mbili, moja la kunde ziendazo kulia na moja la ziendazo kushoto. Kwa kila pigo kunde nyingi ziendelee zilikokuwa zikienda na chache zigeuke. Inayogeuka kutoka kulia kwenda kushoto ibaki na rangi yake. Inayogeuka kutoka kushoto kwenda kulia ibadilishwe, nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe. Na popote nyeupe na nyeusi zinapokutana katika bakuli moja, moja iiondoe nyingine, zote mbili zitupwe chini.

Aliitembeza kanuni ile mapigo thelathini kwa mkono wake mwenyewe, tangu alfajiri hadi adhuhuri, na alipoinua kichwa alikuta pembe mbili, uchache wa katikati, na mistari misafi, kila kitu mahali pake. Alilitandaza shuka la Tulivu kando ya mkeka, akalitazama moja na kulitazama jingine. Hakulia wala hakucheka. Aliosha mikono, akajifunga kanga yake nzuri, akatoka barazani na kukaa pale mpaka alasiri kama mtu aliyepokea mgeni mkubwa.

Mkeka ulikuwa mdogo, na mkono mmoja ulikuwa mchache. Hatua alimwendea Wakati, mpiga ngoma wa arusi za mtaa ule, mwanamke mkali asiyemsubiri mtu, akamweleza haja yake. Wakati alimsikiliza kisha akamwambia kuwa hajaelewa hata theluthi, lakini kama kazi yenyewe ni kupiga pigo moja na kutopotea, basi hakuna wa kumshinda. Ikawa siku za mapumziko wachambuzi mia mbili walisimama katika uwanja wa ghala, kila mmoja kwenye kigae chake, bakuli mbili mkononi, na Wakati akapiga. Kwa kila pigo mikono mia nne ilitoa na kupokea, ikachagua, ikabadilisha, ikatupa. Ilikuwa ni kazi ile ile iliyodharauliwa, kuchambua, ila sasa kilichochambuliwa kilikuwa siri ya mbingu na ardhi.

Walijifunza mengi ambayo Wakamataji hawakuyapata kwa miaka sitini na moja. Waliona kwamba kunde zisizogeuka kabisa huvuka kigae kimoja kwa kila pigo, na kwamba hakuna hila yoyote ya kuzifanya zivuke viwili: hiyo ndiyo kasi ya nuru, mpaka usiorukwa. Waliona kwamba kadiri zinavyogeuka mara nyingi ndivyo kundi zima linavyokwenda polepole, na wakaelewa kuwa uzito wa kitu si mzigo kilichobebeshwa, ni wingi wa kugeuka kwake. Wakauona na ule mtetemo. Wanawake waliokuwa wakiinamisha nyuso wakipita mbele ya wenye vilemba walianza kurudi nyumbani wakizungumza kwa sauti.

Ndipo Hatua alipojenga ukuta. Haukuwa wa mawe, bali wa kanuni: katika safu tano za vigae, kila baada ya mapigo kadhaa, kunde zote zibadilishwe rangi, mara chache kwa ukuta mfupi, mara nyingi kwa ukuta mrefu. Ukuta mfupi sana ulipitisha nyingi. Walipourefusha, kunde zilirudi; walipourefusha tena, zilirudi karibu zote, wakashangilia. Lakini walipozidi kurefusha, zilianza kupita. Walipofika kipimo cha ukuta wa mji, katika kila kunde elfu zilipita mia nane.

Wakati alisimamisha ngoma na kusema kwamba pana aliyekosea. Mwanamke mmoja aitwaye Ikirari akakiri kuwa aliwahi kusahau kubadilisha rangi mara mbili. Hatua alimshukuru mbele ya wote, wakarudia kazi tangu mwanzo, siku tatu mfululizo. Jawabu halikubadilika. Ndani ya ukuta uliozidi kipimo kila kitu kilikuwa kinyume, na Mwepesi alipoingia humo alivaa kinyume chake mwenyewe, akapita kama mwenyeji katika ukumbi wa nyumba yake. Mababu walikuwa wamejenga kinga. Warithi wao walikuwa wamejenga mlango, na kila mwaka waliupanua.

Hatua hakulificha jambo lile. Alikwenda kwa msimamizi wa ukuta wa mtaa wake akamwambia, na kabla jua halijageuka askari walikuwa mlangoni. Alishtakiwa kwa makosa mawili: kudai kukijua kisichoshikwa, na kuutukana urefu.

Siku ya hukumu Baraza lilijaa. Kadhi alikuwa kwenye ngazi yake, Sultani Adhama juu zaidi katika kiti cha enzi, na Hatua chini sakafuni, na nyuma yake wachambuzi wote na Wakati na ngoma yake. Waziri Mwinuko alisimama kusema. Hakutukana wala hakutishia. Alieleza kwa ufasaha na upole jinsi mji ulivyoishi kwa ukuta, jinsi baba yake na babu yake walivyoujenga, kisha akamalizia kwa maneno haya:

"Kunde ni kunde, na Mwepesi ni Mwepesi. Anayechambua kunde atajua habari za kunde, tena namsifu kwa hizo. Lakini mwanasesere hawezi kuugua ugonjwa wa mtoto, wala moto wa kuchorwa hauivishi chungu. Mwanamke huyu ametazama bakuli, akadhani ametazama mlima. Tukimfuata, tutabomoa kwa ajili ya mchezo kile ambacho watu wamekifia."

Watu walinong'ona kuwa amesema kweli, na Hatua mwenyewe aliona uzito wa hoja ile, kwa maana katika waliokifia alikuwamo mumewe. Kadhi alimwamuru ajibu. Alinyoosha mgongo.

"Mheshimiwa Waziri, sikusema kuwa kunde ni Mwepesi. Nimesema wana amri moja. Mwaka juzi mnajimu wa Sultani alitangaza siku na saa ya kupatwa kwa jua, nasi tulitoka nje tukaliona likipatwa saa ile ile. Nani alilishika jua? Alikuwa na kalamu na ubao tu, na hakuna aliyemwambia kuwa ubao si mbingu, kwa sababu hesabu yake ilitii anachokitii jua. Nami hesabu yangu ni ya kunde, kwa kuwa kunde ndizo nilizopewa. Kama nimekosea, kosa langu lina mahali pa kupimwa. Kama mnakosea nyinyi, mmelipiga marufuku swali."

Ndipo lilipotokea jambo lisilopata kutokea: Sultani Adhama aliinuka katika kiti chake, akashuka vidato vitatu ili asikie vizuri, akamwuliza anataka kupimwa vipi.

Hatua alikuwa amekwisha lifikiria. Aliomba sehemu moja ya ukuta, iliyo mbele ya mtaa wa Chekecheke, ishushwe hadi dhiraa kumi na tisa, na bafta zitundikwe mbele yake na nyuma yake, na hali kadhalika mbele na nyuma ya sehemu nyingine iliyobaki na urefu wake. Matabiri yake atayaandika na kumkabidhi kadhi katika bahasha yenye lakiri: nyuma ya ukuta wa dhiraa kumi na tisa watapita Wepesi watatu katika kila elfu, na nyuma ya ule mrefu watapita mia nane. Mwinuko aliuliza nani atakubali kukaa nyuma ya ukuta mfupi siku ile. Hatua akasema atakaa yeye. Kabla hajafunga kinywa Wakati alisema naye atakaa, na wanawake mia mbili, bila kuagizwa, walipiga hatua moja mbele.

Waashi waliushusha ukuta kwa siku ishirini huku watu wa Chekecheke wakihamisha watoto wao. Katika siku zile Hatua hakuwa na raha. Aliamini kanuni yake, lakini kuamini hakumzuii mtu kuhesabu waliomwamini yeye. Na asubuhi ya siku yenyewe, walipokuwa wakiketi nyuma ya ukuta uliopunguzwa, yeye mwishoni kabisa, pale ambapo bafta halikufika, alimwambia Wakati kuwa angali na nafasi ya kwenda zake.

"Nimekupigia ngoma miaka mitatu," Wakati akajibu. "Leo nataka kuona kilichokuwa kikichezwa."

Jua lilipofika utosini mlima Fukuto ulinguruma. Hakuna aliyeona kitu, ila mbele ya ukuta bafta lilianza kutoa moshi mwembamba, na pumzi ya joto ikawapita usoni. Mara moja Hatua alishtuka, akaivuta kanga yake juu ya bega, akaendelea kukaa kama alivyokuwa. Mjini nyuma yao, kila mahali palipokuwa na ukuta mrefu, kengele za moto zililia. Ghala la kaskazini liliungua, na paa la mnara wa Sultani likaungua, na vilemba juu ya matenga yake vikaungua vikiwa vichwani mwa wenyewe. Katika Chekecheke mama mmoja aliendelea kufua.

Siku ya saba ilipopita mabafta yaliletwa Barazani, yakahesabiwa mara mbili, mara moja na watu wa Waziri na mara moja na wachambuzi. Wachambuzi waliweza kuhisi katika mdomo wa kila tundu kama Mwepesi alikuwa akienda au akirudi, wakawafundisha watu wa Waziri, na hesabu zikalingana. Nyuma ya ukuta mrefu walipita mia nane na wawili katika kila elfu. Mbele ya ukuta mfupi walikwenda elfu nne na kumi na sita, wakarudi elfu nne na wanne. Kadhi alivunja lakiri, akasoma maandishi ya Hatua, kisha akasema kwa mujibu wa matabiri yale walipaswa kupita kumi na wawili.

Mwinuko alikuwa amelishika bafta la nyuma kwa mikono yake mwenyewe. Alilitazama muda mrefu, naye, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu hata katika kosa lake, hakudanganya.

"Matundu ni kumi na moja," akasema. "Mmoja amepotea, Bi Hatua. Hesabu yako imepungukiwa na mmoja."

Hatua alishusha kanga begani. Pale palikuwa na kidonda kidogo cheusi, kimepita upande mmoja na kutokea upande wa pili, nacho kilikuwa kimeanza kukauka.

"Wa kumi na mbili ni huyu hapa," akasema. "Mhesabuni."

Kadhi alishuka ngazi yake kidato kwa kidato mpaka sakafuni, akakitazama kidonda kwa karibu, akarudi kwenye karatasi, akaandika kumi na mbili. Mwinuko alimwuliza Hatua, kwa sauti ya chini, ukuta ulianza tena kupitisha katika dhiraa ya ngapi. Alimjibu kuwa ni ya arobaini na moja. Waziri aliyajua majina ya wote walioanguka, mwaka kwa mwaka na dhiraa kwa dhiraa, maana wa kale alifundishwa na baba yake, na wa zama zake alihudhuria maziko yao yote. Na waliokuwa karibu waliona midomo yake ikicheza, akihesabu kutoka arobaini na moja kwenda juu. Hakuifikia hesabu ya mwisho. Alikivua kilemba chake na tenga lake, akaviweka chini, akaomba apewe kazi ya kuushusha ukuta kwa mikono yake mwenyewe. Alipewa, na aliifanya kwa miaka sita bila kukosa siku hata moja, na katika miaka ile hakuanguka mtu. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga. Lakini wachache hushuka kwa heshima aliyoshuka nayo Mwinuko.

Sheria iliyochongwa langoni ilifutwa, na badala yake ikachongwa nyingine: Kinachofuatwa hatua kwa hatua hujulikana. Sultani alimwita Hatua akamwambia achague tuzo, akamwonyesha kiti kirefu kilichowekwa tayari kando ya chake. Alikishukuru kiti akakiacha. Alichotaka ni kwamba majina ya wanawake waliosimama uwanjani yasomwe Barazani mbele ya mji mzima, kila moja na kigae chake, kwa mpangilio waliosimama, bila kufupisha.

Mwandishi wa Baraza alianza kusoma saa tatu za asubuhi. Kigae cha kwanza, Bi Shamba binti Rajua. Kigae cha pili, Bi Mwanakheri binti Ngazija. Kila aliyetajwa aliinuka alipokuwa, akabaki amesimama. Wake wa mawaziri, waliozoea kuinamiwa, waligeuza shingo kuwatazama. Kigae cha hamsini na nne, Bi Ikirari binti Unyofu. Akainuka huku machozi yakimtoka, asiyafute. Sultani Adhama, ambaye kwa desturi hakumwinukia mtu, alikuwa amesimama tangu jina la tatu, na alikuwa bado amesimama jua lilipovuka utosi na mwandishi akafika kigae cha mia mbili, na baada yake akasoma: ngoma, Bi Wakati.

Mwandishi akakunja karatasi. Sultani akamwuliza mbona hakulisoma jina la Bi Hatua. Mwandishi alitazama tena, akajibu kwa hofu kuwa halimo. Orodha imeandikwa kwa vigae, na yeye hakuwa na kigae, kwa kuwa alikuwa akizunguka baina ya wote. Sultani akaamuru liongezwe papo hapo, na mwandishi akachovya kalamu, akamwuliza mwenyewe aandike nini mbele ya jina, bingwa, au mlinzi wa mji, au mwanachuoni.

Hatua aliwatazama wanawake mia mbili waliosimama, na watoto wa mji waliofundishwa kulitupiana lile neno kama jiwe.

"Andika mchambuzi," akasema, "na uandike kwa herufi kubwa."

Akaandika. Na tangu siku ile, katika Matambo na katika kila nchi iliyosikia habari zake, mtu anayelichukua jambo zito akalitenga punje kwa punje mpaka likajulikana huitwa kwa jina hilo, naye hulipokea kichwa kikiwa juu.